Isale Lililotangulia Chala

Wenzangu wa kwaya,

Jumapili ile mlinizunguka nje ya kanisa mkaniuliza, wote kwa pamoja kama mnaoanza ubeti, "Amesemaje?" Nikajibu kwamba nitawaandikia. Mlicheka, mkasema Baba Aikande anakwepa. Kwa haki niseme kweli nilikuwa nakwepa. Lakini pia jambo lenyewe halielezeki mtu akiwa amesimama, na mimi nikieleza kwa mdomo huwa naruka mahali panaponiaibisha. Kwenye daftari naweza kurudi nyuma nikaparekebisha. Elimu yangu ni darasa la saba, mnaijua. Kwa hiyo habari za mashimo nitazieleza nilivyozielewa, na nikikosea, kosa ni langu, si la walionieleza.

Wengine mlikuwepo siku ile miaka minne iliyopita. Tulimzika mama Aikande, mke wangu, Jumamosi. Mwanangu Aikande akafika Jumatatu, na sanduku lake, na chumvi ya bahari bado iko kwenye nywele. Kazi yake ni kusoma mashimo. Tangu yuko sekondari alikuwa akimsimulia mama yake jikoni habari za shimo jeusi la angani, lenye uzito wa kumeza hata mwanga, na mimi nilikuwa nasikiliza nikijifanya nachochea moto. Baadaye masomo yakampeleka kwenye mashimo ya namna nyingine, yale ya buluu, yaliyo chini ya bahari kama visima vikubwa. Mama yake alipozidiwa, yeye alikuwa majini na wenzake, mahali pasipo na simu. Alipoingia uani nilimwambia mbele ya ukoo, "Shimo la mama yako tumelifukia juzi. Wewe rudi kwenye shimo lako."

Akarudi. Hakunywa hata maji. Tangu siku hiyo hajakanyaga Machame, na namba yake ninayo kwenye simu, ila sijawahi kuipiga.

Mwezi uliopita Witness, binti wa kaka yangu, akaniambia Aikande yuko huku huku mlimani, wiki ya tatu sasa, upande wa chini, na watu wanaopima maji. Alisema hivyo tu, na mimi sikuuliza zaidi, kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Machame hadi Majengo

Jumatatu asubuhi, baada ya kukamua, nilikwenda mpakani mwa kihamba, shamba langu la nyumbani, kwenye masale, upande ule wa kaburi la mama Aikande. Ninyi isale mnalijua, lakini daftari hili huenda wajukuu wa mtu wakalisoma, kwa hiyo naandika: ukimkosea mtu sana, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unamtuma mtu alipeleke. Aliyeletewa hakatai. Hata kama alikuwa ameapa, akishaliona ameshasamehe.

Sikuwahi kusikia baba akimpelekea mwanawe isale. Nilimwuliza kaka yangu. Aliendelea kumkuna ndama kichwani, halafu akasema hata yeye hajasikia, lakini vilevile hajasikia kwamba ni mwiko. Nikaona hilo linatosha. Nililifunga jani kwenye kitambaa chenye maji, nikabeba chane tatu za ndizi mshare mbichi, maana Aikande alipenda mtori wa mshare kuliko nyama, nikapanda gari la kwenda Moshi.

Tulipofika kwenye mteremko, lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, na dereva wake amekaa juu ya gogo akila hindi la kuchoma kama mtu aliyekwishakubali. Tukakaa saa nyingi. Kila mmoja alitoa ushauri wa namna ya kuliinua na hakuna aliyeinuka. Mimi pia nilitoa ushauri. Mvua ikaja, ikaondoka. Nilipoingia Moshi, saa ya kwenda popote ilikuwa imepita, nikaenda Majengo kwa Mzee Shabani.

Mnamkumbuka Shabani, fundi aliyeshona majoho yetu ya zambarau, mkono mmoja ukawa mfupi kwa wote. Tumemsema sana. Leo naomba niandike kwamba vipimo nilivipeleka mimi, na nilikuwa nimeviandika gizani. Hakuwahi kunitaja.

Alinikaribisha sana. Bi Mwanaisha, mkewe, alileta chai ya tangawizi na vitumbua, akaziweka ndizi zangu mahali pa baridi, akasema joto la mjini litaziharibu. Nilimweleza Shabani safari yangu. Akachukua simu, akanionyesha picha ya shimo jeusi, ile ambayo wataalamu waliipata kwa kuunganisha vyombo vingi vya dunia. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Ilikuwa kama kulichungulia jiko la mkaa kwa juu: duara la moto, katikati giza.

"Hili ndilo analosoma?" Shabani akauliza.

Nikasema hapana, yeye sasa anasoma yale ya buluu, ila lilianza hili.

"Na wewe unaogopa lipi, la juu au la kwako nyumbani?"

Bi Mwanaisha akamwambia amwache mgeni anywe chai.

Mabogini, nilikokwenda kwa kosa langu

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, na sina wa kumlaumu. Witness alisema "upande wa chini, wanapima maji." Pale Majengo nikasikia watu wakisema kuna wataalamu wanapima maji kwenye mpunga, Mabogini. Nikajumlisha mwenyewe. Jumanne asubuhi nikashuka.

Kweli nilikuta watu wenye fimbo za namba ndani ya mfereji, na wakulima wengi wamekaa kwenye kivuli cha ghala kama wanaosubiri mkutano. Niliposema natoka Machame, wote waligeuka. Mama mmoja mwenye ghala, Mama Zuhura, akaniletea kiti. Kiti, ndugu zangu, na wengine wote wamekaa chini. Nikajiuliza heshima yote hii ya nini.

Halafu mzee mmoja Mchagga aliyehamia huko zamani akakiona kitambaa changu. Ncha ya jani ilikuwa imechomoza, na fundo likaonekana. Akasimama. Akawageukia wenzake akasema taratibu:

"Wametuma isale. Watu wa juu wamekubali."

Sikuelewa mara moja. Wao walikuwa wamengoja siku hiyo mjumbe kutoka mlimani, aje wazungumze habari ya maji, kwamba sisi huko juu tunafungulia mifongo, mifereji yetu ya mashambani, wakati wa kiangazi na mpunga wao unabaki na nyufa. Na mimi nimekuja natoka juu, nimeshika isale. Wanawake wawili walianza kupiga vigelegele. Yule mzee alinyoosha mikono yote miwili kulipokea.

Nililazimika kusema hapana. Niliposema hapana nikaona nyuso zilivyobadilika, nikaona ni kama nimewakosea upya. Nikaeleza kwamba jani hili ni la mwanangu, ni jambo la nyumbani. Wakauliza mwanangu amefanya nini. Nikasema si yeye, ni mimi. Basi ikabidi nieleze, mbele ya watu wapatao thelathini ambao sijawahi kuwaona, na wengine wakiwa nyuma wanauliza "Amesemaje?" na wa mbele wanawarudishia, kila mmoja akiongeza chake. Nikasikia mmoja akisema nimezika mke kwenye bahari.

Yule mzee akarudi kukaa. Akasema, "Na la maji je?"

Nikafikiri. Sikutumwa na mtu. Lakini nisingeweza kusema uongo nimeketi kwenye kiti chao. Nikasema, kwa upande wangu, nimewahi kufungulia mfongo siku isiyo zamu yangu, mara mbili, labda tatu, na sikuwahi kuufikiria mpunga wa mtu yeyote. Isale la hilo sikuwa nalo. Nikawaomba radhi kwa mdomo.

Mama Zuhura akacheka, akasema angalau tumempata mmoja, akanipakulia wali mpya wa mchele wa pale pale, na mchicha, na kipande cha kambale. Ule wali ulinukia. Nilikula nikiwa na aibu, na bado nikaongeza.

Ndipo likaja gari lenye masanduku ya barafu, na ndani yake Masanja. Huyu ni fundi wa vipimo, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, kwao ni usukumani, na ni mtaratibu kupita watu wote niliowahi kukutana nao. Alikuwa anajaza maji ya chemchemi kwenye chupa ndogo na kila chupa anaiandika namba. Nikamwuliza kwa unyonge kama anamfahamu Aikande. Akasema, "Dokta? Ndiye bosi wangu. Tuko naye Ziwa Chala." Akaeleza kwamba lile ziwa lenyewe ni shimo, kovu la volkano, na watu wamejiuliza siku nyingi maji yake yanapitia wapi chini ya ardhi, ndiyo maana anazunguka kwenye chemchemi akilinganisha.

Gari lake lilijaa masanduku hadi kiti cha mbele, na alikuwa na chemchemi nyingine za kupitia. Nikaona hapo Mungu amefungua njia. Isale halipelekwi na mkosaji mwenyewe, hupelekwa na mjumbe, na mjumbe hutangulia. Nikampa kitambaa. Ningepaswa kumweleza maana yake. Lakini nilikuwa nimetoka kuieleza mbele ya ghala zima, na ulimi ulikuwa umechoka. Isitoshe isale kwetu halielezwi. Anayelipokea anajua.

"Mpe Aikande," nikasema. "Ni kutoka Machame."

Akalifungua kwa uangalifu, akalitazama pande zote. "Limekatwa lini, mzee?"

"Jumatatu asubuhi."

"Mahali gani hasa?"

"Kihambani kwangu. Karibu na kaburi la mama yake."

Akaniuliza kama palikuwa kivulini au juani. Nikamjibu kivulini. Nikawaza, tazama mtu wa mbali anavyolipa jambo letu heshima. Nilimpenda sana saa ile.

Himo na njia ya chini

Jumatano ilikuwa siku ya kukaa. Nilifika Himo mapema, nikaambiwa gari la kuelekea upande wa Chala linaondoka sasa hivi. "Sasa hivi" ile ilikuwa na urefu wake. Nikakaa sokoni karibu na Mama Theresia, mfanyabiashara wa ndizi anayetoka Rombo. Nilimsalimia kwa Kichagga cha kwetu, akanijibu kwa cha kwao, tukatazamana, tukarudi kwenye Kiswahili.

Alizibonyeza ndizi zangu. "Meku, mzee wangu, hizi unazipeleka zikapikwe au zikaliwe na watoto? Zitaiva kabla hujafika."

Nikasema Mungu atazizuia.

"Nyie Wamachame, hata Mungu mnampa kazi."

Tulipiga soga hadi mchana. Alinipa kiburu kwenye jani la mgomba, maharage yamechanganyika vizuri na ndizi, chumvi kidogo sana. Naye akanichimba habari zangu zote, na sijui kwa nini nilimweleza kwa urahisi kuliko nilivyowahi kuwaeleza ninyi. Alisikiliza akipanga ndizi. Nilipofika kwenye isale akaacha kupanga.

"Umeshalituma?"

"Jana."

"Basi umemfunga," akasema. "Akiliona hana la kufanya ila kusamehe. Hata kama moyo wake haujafika. Ungekuwa wewe, ungependa usamehe kwa kamba?"

Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo desturi, na desturi hukomesha ugomvi ambao midomo haiwezi kuukomesha. Huo ni ukweli na yeye mwenyewe aliukubali. Lakini kwenye gari, tulipoondoka hatimaye na jua limeinama, nilikuwa nikitazama nyasi kavu za upande ule, mlima uko nyuma yetu badala ya kuwa juu yetu, na neno lake halikuniacha. Maana kulikuwa na kitu kingine ambacho Mama Theresia sikumwambia, wala ninyi hamkijui. Nilikuwa nimelitegemea lile jani linifunikie hicho pia. Nitakiandika mahali pake.

Usiku ule nililala kwa jamaa zake Mama Theresia, ambao alinipa jina lao tu, na wakanipokea kama ndugu.

Ukingoni mwa Chala

Ziwa hulioni mpaka uko juu yake. Unatembea kwenye vichaka, unapanda kidogo, halafu ardhi inakwisha. Chini kabisa, ndani ya kuta za mawe, kuna maji ya buluu ambayo sijui niyafananishe na nini. Yalikuwa yametulia kama kitu kinachotazama. Katikati palikuwa na jukwaa linaloelea, dogo kama kiberiti, na watu juu yake.

Masanja alinipokea penye mahema kwa furaha. Alisema sampuli yangu ilifika salama kabisa, nisiwe na wasiwasi, na alfajiri imeondoka na gari la barafu kwenda maabara mjini pamoja na nyingine zote.

Nikauliza, sampuli gani.

"Jani lako, mzee. Nimelipa namba."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Nikamwuliza kama Aikande aliliona. Akasema tangu juzi Dokta alikuwa akishinda majini hadi jioni, hajapata nafasi, lakini liko kwenye orodha. Sikumkasirikia. Nimelitafakari sana tangu siku ile, na bado naona hakukosea kitu. Mtu anayepima maji alipewa jani, akauliza maswali ya jani.

Aikande akapanda kutoka ziwani kwa ile njia ya mawe, mikono ina matope hadi kwenye viwiko. Aliponiona alisimama. Amekonda. Paji la uso ni la mama yake kabisa, nilikuwa nimelisahau.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hatukusogeleana. Masanja, ambaye hakujua lolote, akamletea orodha aone sampuli ya mzee. Aikande akasoma kwa sauti, kikazi: jani bichi, urefu wake, limekatwa Jumatatu asubuhi, Machame, kivulini, karibu na kaburi. Limefungwa fundo. Hapo akaacha. Akamwuliza Masanja, "Fundo?"

"Ndiyo, Dokta. Nilidhani ni la kubebea. Sikulifungua."

Akamwambia Masanja aende akale. Tukabaki wawili, na jani liko njiani, na hakuna aliyelitaja.

Badala yake aliniambia, "Njoo uone tunachofanya." Chini ya turubai palikuwa na bomba linaloonyesha ndani, limejaa tope waliloling'oa chini ya ziwa, limepasuliwa kwa urefu kama muwa. Akafunua kitambaa chenye maji. Niliona tope. Akanishika kidole, mara ya kwanza, akakipitisha karibu bila kugusa, nikaanza kuona mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, myembamba kama ukucha.

Alinieleza hivi. Kule chini kabisa hakuna hewa ndani ya maji, kama ilivyo kwenye mashimo ya buluu ya baharini. Kwa hiyo hakuna mnyoo wala samaki wa kuchimbua, na kinachoanguka kinalala kilivyoanguka. Miezi ya upepo na baridi, mimea midogo mno ya majini yenye maganda kama kioo huota kwa wingi na kufa, ndio mstari mweupe. Wakati wa mvua inashuka takataka nyeusi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Akachukua sindano akaanza juu kabisa. Huu wa mwaka huu haujakamilika. Huu wa mwaka jana. Akashuka. Akasimama.

"Huu ni wa mama."

Ulikuwa mweusi, mnene kuliko wenzake. Nikasema bila kufikiri, "Mvua ile. Jembe lilikuwa linateleza mikononi. Baba yake Witness alianguka ndani akatoka amejaa udongo, na shangazi yako akacheka kwenye msiba, halafu akalia kwa kuwa amecheka."

Aikande akaweka sindano chini. "Sikujua," akasema. "Hakuna aliyeniambia kitu. Mliimba nini?"

Nikamwambia. Akauliza nani aliongoza sauti ya pili, maana sauti ya pili ilikuwa ya mama yake. Nikamwambia hakuna aliyeongoza, tuliiacha wazi. Akauliza alivikwa gauni gani. Akauliza nani alishika kichwa cha jeneza. Aliuliza moja moja, kama mtu aliyekuwa na orodha miaka minne, na mimi nilijibu yote niliyoyakumbuka, na niliposahau nilisema nimesahau. Ndipo nikaona kwamba hakuwa amekataa kuja nyumbani. Alikuwa hana pa kuingilia.

Na isale halikuwepo. Lingekuwepo mkononi mwake ningekuwa nimeshakaa, nimeshasamehewa, ninangoja chai. Kwa hiyo nikasema lile ambalo hata ninyi sijawaambia.

"Mama yako alizidiwa Jumapili. Ujumbe niliutuma Jumatano. Siku tatu nilikaa na simu mfukoni. Nilidhani atapona, nikaona nisikutoe kazini kwa homa. Witness aliniambia kabla hujafika kwamba mliondoka nchi kavu Jumanne. Ningetuma Jumapili ungemkuta. Nilijua hivyo siku ile uliposimama uani. Ndiyo maana nilisema nilichosema, kwa sababu ungeuliza."

Alichukua kile kitambaa chenye maji, akalifunika tope. Chini mtu aliita kitu kutoka kwenye jukwaa, sauti ikazunguka kuta za mawe ikarudi.

"Ningeuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Ungenipa lile jani mkononi ningelipokea, baba. Ningefanyaje? Na hili usingeniambia."

Nikafikiri kama kuna namna ya kulijibu inayonipendeza. Haikuwepo. "Nisingekuambia," nikasema.

"Basi afadhali limekwenda."

Akaenda penye jiko. Zile ndizi zilikuwa zimelainika na kuwa na rangi ya njano ubavuni, kama Mama Theresia alivyotabiri. Alizimenya mwenyewe, akapika mtori, nao ukawa mtamu kama uji wa mgonjwa. Masanja aliusifu kwa adabu. Aikande alikula mabakuli mawili.

Mchana alinisindikiza ukingoni. Ili nisinyamaze nilimwuliza habari ya lile jeusi la angani, kama bado analiwaza. Akasema analiwaza. Akasema kuna mpaka umelizunguka. Ukiwa nje yake unaweza kuzunguka miaka na miaka, na ukiuvuka hurudi tena, hata mwanga haurudi.

"Mtu anajuaje kwamba ameuvuka?"

"Hajui. Kwa anayepita, pale hapana alama yoyote."

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, matope yamekauka kwenye kucha zake, akasema nimsalimie Witness.

Nyumbani

Kurudi kulinichukua saa chache tu, jambo lililoniudhi. Hakuna lori lililolala, hakuna mkutano. Nilipofika ng'ombe alikuwa amekamuliwa na jirani, na Jumapili mkaniuliza amesemaje, na sikuwa na jibu, kwa sababu hakusema kama amenisamehe. Majuma mawili nimekuwa nikianza barua hii na kuiacha hapa.

Juzi Witness alikuja na simu yake. Aikande amemtumia picha anionyeshe. Ilikuwa mfuko wa plastiki, ndani yake jani langu, bado limefungwa fundo, na juu yake karatasi ya Masanja kwa mwandiko wake ulionyooka: Machame, Jumatatu asubuhi, kivulini. Witness akaikuza picha kwa vidole viwili. Chini palikuwa na mistari ya kujazwa na maabara. Penye "Imepokelewa na" palikuwa na sahihi ya Aikande. Na penye "Maelezo" alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu:

"Si sampuli. Lisitupwe. Nitalirudisha mwenyewe."

Hakuandika atakuja nalo lini, na sijamwuliza. Nimepanda mshare mwingine pale chini ya mfongo, na maji ya huko nayafungulia siku ya zamu yangu.